Mizani ya Mwisho ya Mahindi

Mwezi wa saba, asubuhi za Songea zina baridi ya kumfanya mtu aongee na moshi. Kwenye mashine moja ya kukoboa na kusaga pale Lizaboni foleni ya ndoo ilikuwa imetoka hadi nje. Mkanda wa mashine umekatika, fundi ameitwa, basi waliokuja kusaga wakatumia muda huo kuchambua. Mama mmoja alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, ungo mapajani, vidole vikienda haraka kuliko macho yangu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa, foleni bado ndefu."

Alikuwa na mafungu matatu. La kwanza, punje nzima nyeupe, hilo halihitaji maelezo. La pili, punje nyeusi, nyepesi, zilizovunda waziwazi. "Haya ya kuku," akasema. La tatu lilikuwa dogo, na punje zake kwa mbali zilionekana nzima. "Haya yana doa tu. Nikikoboa linatoka. Yakizidi, mama anayepika pombe ya komoni huyachukua."

Niliokota punje moja katika fungu hilo la tatu. Pale chini, punje inaposhikana na gunzi, palikuwa na unga laini wa kijani kilichofifia. Nilipoipasua kwa ukucha, kiini kilikuwa kimegeuka rangi hadi ndani. Mimi kazi yangu ni seli, si kilimo. Lakini lile doa nalijua kwa upande wake mwingine, yaani kwa kile linachokifanya likishafika kwenye ini la binadamu. Huko lina mahali pake maalumu pa kugonga, na pakigongwa hapo, jeraha lake linaweza kusomwa miaka 30 baadaye kama unavyosoma namba ya gari.

Nianze na seli yenyewe. Seli moja ikitaka kuwa mbili ina safari ya kwenda. Inakua kwanza, halafu inanakili DNA yake yote, kisha inajikagua, mwisho inagawanyika. Safari hiyo ndiyo tunayoiita mzunguko wa seli, na waliotuonyesha mitambo inayoiendesha, Leland Hartwell, Tim Hunt na Paul Nurse, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2001. Kazi ya kunakili ni nzito kupita kiasi. DNA ya binadamu ina herufi takriban bilioni 3, na kila seli imebeba nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama. Kosa halikosekani. Kwa hiyo njiani kuna mahali pa kusimama.

Watu wa Songea hawahitaji kuelezwa sana jambo hili. Lori la mahindi likitoka hapa kwenda Dar es Salaam haliendi moja kwa moja, linapita mizani. Likizidisha uzito linasimamishwa. Mzigo ukirekebishika, linaendelea. Usiporekebishika, haliendi. Seli nayo ina mizani zake, na katika iliyo muhimu kuliko zote yumo ofisa mmoja ambaye jina lake halina utamu wowote: p53.

Jina hilo ni la uzito. Mwaka 1979 makundi kadhaa ya watafiti, wakiwemo David Lane na Lionel Crawford wa London na Arnold Levine wa Marekani, waliiona protini hii karibu wakati mmoja, na vipimo vyao vikaonyesha ina uzito wa kilodalton 53. Baadaye ikaja kujulikana kuwa uzito wake halisi ni kama 44 tu, ila umbo lake huifanya isafiri polepole kwenye kipimo na kuonekana nzito. Ni lumbesa ya kinyume: gunia limeandikwa zaidi ya kilichomo. Jina halikubadilishwa.

Wala hilo halikuwa kosa kubwa kuliko yote. Kwa miaka 10 p53 ilihesabiwa kuwa mhalifu. Katika vivimbe vingi vilivyochunguzwa ilikutwa humo, imejaa tele, na jeni yake ikiwekwa kwenye seli za maabara, seli hizo zilisaidiwa kugeuka saratani. Mwaka 1989 ndipo mambo yalipogeuka, Bert Vogelstein na wenzake walipochunguza saratani za utumbo mpana, na maabara nyingine zikaona hivyohivyo. Nakala za jeni zilizokuwa zikitumika maabara miaka yote ile zilikuwa zimeharibika tayari. Watafiti walimkuta mlinzi eneo la tukio, amepigwa hajitambui, wakamfungulia mashtaka yeye. Mwaka 1992 Lane akaiita mlinzi wa jenomu, na jina hilo ndilo liko kwenye vitabu vyote vya kufundishia.

Mimi jina la mlinzi silipendi sana. Mlinzi hufukuza wezi, na p53 haifukuzi kitu, haigusi sumu wala haishoni DNA iliyokatika kwa mikono yake. Kazi yake ni kusimamisha. Siku ya kawaida huwezi hata kuiona: seli huitengeneza na kuiharibu papo hapo, na nusu ya iliyopo huisha ndani ya dakika 20 hivi, kwa sababu kuna protini nyingine, MDM2, inayoiwekea alama ya kuvunjwa. DNA ikijeruhiwa, MDM2 inabanduliwa. Hapo p53 inarundikana haraka. Zinashikana nne nne, zinakamata DNA kwenye sehemu maalumu na kuwasha jeni kadhaa, ya kwanza kati ya hizo ikiitwa p21. Kama p53 ndiye anayesoma mizani, p21 ndilo geti. Inashuka na kukaba vimeng'enya vinavyosukuma mzunguko, na seli inasimama hapo ilipo. Mafundi wa seli wanaingia kukarabati. Wakimaliza, geti linapanda. Wakishindwa, p53 hiyohiyo inaamuru seli ijiue, ikunjwe na kuliwa na jirani zake bila kelele. Katika mwili wako, unaposoma sentensi hii, kuna seli zinakufa kwa amri ya namna hiyo.

Karibu nusu ya saratani zote za binadamu zina jeni ya p53 iliyoharibika. Hakuna jeni nyingine inayofikia idadi hiyo. Lakini kila saratani ina tabia yake ya kuiharibu, na hapa ndipo ninaporudi kwenye ungo wa mama wa Lizaboni.

Lile vumbi la kijani ni kuvu anayeitwa Aspergillus flavus. Anapenda joto na unyevu, na anaweza kuingia shambani mahindi yakiwa bado kwenye bua, hasa yakipigwa na ukame au kutobolewa na wadudu. Stoo mbaya humkuza. Hutoa sumu iitwayo aflatoksini, ambayo siku hizi serikali na wataalamu wa chakula nchini wanaiita sumukuvu, neno ambalo kwa maoni yangu limetulia kuliko lile la kigeni. Aina yake kali kuliko zote inaitwa B1.

Ukila ugali wenye sumukuvu, karibu kila kinachofyonzwa tumboni kinapelekwa kwanza kwenye ini. Ini lina vimeng'enya vya kugeuza vitu vya kigeni ili viyeyuke na kutoka kwa mkojo. Vikiikuta B1, vinaifanyia kazi kama kawaida yao, na katikati ya kazi hiyo vinazalisha kitu kikali kuliko kilichoingia. Kitu hicho kinaruka na kunata kwenye DNA, na kinapenda kunata kwenye herufi moja kati ya zile nne: G. Kwa maneno mengine, sumukuvu inaingia ikiwa nusu sumu, na ini, kwa bidii yake ya kutaka kutusaidia, ndilo linaloimalizia. Seli ikinakili DNA kabla ya ukarabati, mahali palipokuwa na G hujikuta pamewekwa T.

Mwaka 1991 jarida la Nature lilichapisha kwa pamoja matokeo ya makundi mawili. La kwanza lilichunguza saratani za ini kutoka Qidong nchini China, eneo lenye mahindi yenye sumukuvu nyingi. La pili lilichunguza wagonjwa wa kusini mwa Afrika. Protini ya p53 imejengwa kwa asidi amino 393 zilizopangwa mstarini, na jeni inaelekeza kila moja kwa herufi tatu. Kati ya vivimbe 16 vya Qidong, 8 vilikuwa na kosa mahali palepale: namba 249, herufi ya tatu, na katika 7 kati ya hivyo G imekuwa T. AGG imekuwa AGT. Baadhi ya wagonjwa wa kusini mwa Afrika walikuwa na kosa hilohilo. Katika nchi za Ulaya, ambako mahindi na karanga hupimwa kabla hazijafika sokoni, kosa hilo ni nadra kwenye saratani za ini. Msumbiji, ambako kiasi cha sumukuvu watu walichokula kilikuwa kimeshapimwa na kukutwa kikubwa, ikawa miongoni mwa nchi zilizoonekana na alama hiyo waziwazi.

Msumbiji. Mto Ruvuma unaanzia hapo Matogoro, ukipanda mlima unauona mji wote wa Songea, kisha unashuka na kuwa mpaka wetu na nchi hiyo. Ng'ambo na huku tunakula ugali uleule.

Namba 249 inafanya nini hasa? Kwa kawaida hapo pamekaa asidi amino iitwayo ajinini. Yenyewe haishiki DNA. Kazi yake ni kukaza kitanzi cha protini kinachokwenda kushika DNA, kama kabari inavyokaza jembe kwenye mpini. Sumukuvu inaitoa kabari hiyo na kuweka serini, ambayo ni fupi na haifiki pale inapotakiwa kubana. Jembe bado lipo, mpini upo, lakini ukiinua kulima kichwa kinazunguka. Protini inatengenezwa, inarundikana, mtaalamu wa patholojia akiipaka rangi ataiona imejaa kwenye kiini cha seli, na mtu asiyejua atasema ulinzi umeimarishwa. Ndiyo maana watafiti wa mwanzo walidanganyika miaka 10. Ofisa yupo kazini na sare yake, ila mkono wake haufiki kwenye kengele. Lori linapita.

Lori moja kupita si ajali. Seli iliyopoteza p53 haigeuki saratani kesho yake. Inabeba kosa, inagawanyika nalo, inaongeza la pili, la tatu, na kwa kuwa hakuna wa kuisimamisha, makosa yanajilimbikiza kwa miaka mingi. Mgonjwa anapofika hospitali na maumivu chini ya mbavu za kulia, amekonda, tumbo limejaa maji, safari hiyo imeshakwenda mbali sana. Nani atakumbuka gunia lipi la mwaka gani? Wala sitaki mtu aache kulala kwa sababu aliwahi kula ugali mchungu siku moja. Kinachohesabika ni miaka ya kula kidogo kidogo.

Sumukuvu nyingi kwa mkupuo ni hadithi nyingine, ya haraka na ya kutisha. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya watu 317 waliugua na 125 wakafa. Mwaka 2016 ilikuwa zamu yetu, Dodoma na Manyara: wagonjwa 68, vifo 20. Hao walikufa kwa ini kushindwa kazi, si kwa saratani, na magazeti yaliandika. Ile ya polepole haina siku ya kuandikwa.

Kuna mwenzake anayeifanya iwe mbaya zaidi: virusi vya homa ya ini aina ya B. Virusi hivi husababisha seli za ini kufa kidogo kidogo, na ini hulazimika kugawanya nyingine kuziba pengo. Kila mgawanyiko ni lori jingine barabarani, na kila lori ni nafasi ya lile kosa la G kuwa T kukaa kabisa. Wanaume wa Shanghai waliofuatiliwa kwa miaka walionyesha hesabu ambayo nikiifundisha, darasa zima hunyamaza. Waliokula sumukuvu pekee, hatari yao ya saratani ya ini ilikuwa kama mara 3 ya wasio na kimojawapo. Wenye virusi pekee, mara 7. Wenye vyote viwili, mara 59. Watoto wetu wanachanjwa dhidi ya homa hiyo tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, jambo jema kabisa. Baba na mama zao, wengi hawajawahi hata kupimwa.

Hapa nichepuke kidogo kwenda Namtumbo na Tunduru, kwenye ushoroba wa wanyama unaounganisha Selous na Niassa ya Msumbiji. Wakulima wa huko wanamjua tembo kwa hasara anayowatia. Tembo ana seli nyingi mno kuliko sisi na anaishi miaka mingi, kwa hiyo kwa hesabu za kawaida angepaswa kufa kwa saratani mapema sana. Hafi hivyo. Mwaka 2015 watafiti wa Marekani walieleza sehemu ya siri yake: binadamu tuna jeni moja ya p53 kutoka kwa kila mzazi, tembo ana 20. Nyingi kati yake ni nakala zilizofupishwa na hazifanyi kazi yote, lakini DNA ikijeruhiwa, seli za tembo hujiua kwa wepesi kuliko zetu. Mnyama anayeingia usiku kumaliza heka mbili za mahindi ya mtu ana mizani 20, na mwenye shamba ana moja.

Wanaotafuta dawa ya kuirudishia p53 nguvu wapo na hawajachoka. China iliidhinisha tiba ya jeni iitwayo Gendicine mwaka 2003. Zipo molekuli zinazojaribu kukaza tena protini iliyolegea, kila moja ikilenga kosa lake. Sijaona bado ile ambayo mgonjwa wa ini mwenye kosa la 249 atapewa aende nayo nyumbani, na sitamwambia mtu aisubiri.

Kwa hiyo tunarudi kwenye gunia. Tanzania inaruhusu sumukuvu zisizozidi mikrogramu 10 kwa kilo ya mahindi, na kati ya hizo B1 isizidi 5. Katika gunia la kilo 100 hiyo ni miligramu 1. Punje moja ya ulezi ni nzito kuliko hapo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulipima sampuli 120 za mahindi yaliyohifadhiwa na familia vijijini katika mikoa ya Tabora, Iringa, Kilimanjaro na Ruvuma yetu. Asilimia 18 zilikuwa na sumukuvu, asilimia 12 zilivuka kiwango, na iliyoongoza ilifika mikrogramu 158.

Mahindi hayo, nasisitiza, yalikuwa ya kula. Ya kuuza yana mizani zake. Ukipeleka mzigo kwa wakala wa hifadhi ya chakula, wanachoma kipimo kwenye gunia, na unyevu ukizidi asilimia 13.5 unarudishwa ukaanike. Machi 2021 Kenya ilipozuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, kelele zilikuwa nyingi, na siku chache baadaye mpaka ulipofunguliwa, sharti mojawapo lilikuwa cheti cha kipimo. Mkoa unaojivunia kulisha nchi nzima unajua kupima mahindi ya watu wengine. Ya nyumbani kwetu tunayamwaga kwenye kihenge, na kituo cha kwanza kuyapima kinakuwa ini.

Fundi alikuwa bado hajafika. Nilimwomba yule mama chupa kavu ya kioo na chumvi, akamtuma mjukuu dukani. Ni kipimo cha zamani cha wakulima, hakina hadhi yoyote maabara: unaweka mahindi robo chupa, unatia chumvi kavu, unatikisa dakika moja, unaacha itulie. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi bado mabichi, yakiingia stoo kuvu atastawi. Ikianguka yote chini, yamekauka. Ya kwake chumvi ilinata kidogo mabegani mwa chupa. Akaishika juu kwenye jua akaitazama muda mrefu.

"Haya niliyaanika chini," akasema. "Turubai alichukua kijana kufunikia matofali."

Akauliza kama akipika sana, sumu haifi. Haifi, nikamwambia, moto wa jikoni hauiwezi, na kuchachusha komoni hakuiondoi. Kukoboa kunasaidia kweli, kwa sababu sehemu kubwa yake iko kwenye ganda na kiini, ambavyo dona huviacha na sembe huvitoa. Ila pumba hiyo ndiyo hupewa kuku na ng'ombe, na kwa ng'ombe sumu huhamia kwenye maziwa. Nikamweleza jinsi sumukuvu yenyewe ilivyogunduliwa: mwaka 1960 huko Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa ugonjwa usiojulikana, hadi ilipobainika walilishwa mashudu ya karanga zilizoota kuvu.

"Laki nzima?"

"Laki na zaidi, mama."

Alicheka kwanza, halafu akaacha. Fundi akaingia na mkanda begani, watu wakaanza kunyanyua ndoo. Mama akarudisha fungu la kwanza kwenye ndoo yake. Fungu la tatu akalichota kwa viganja na kulichanganya na la pili. Akafunga yote kwenye kipande cha kiroba, akakiweka ukutani karibu na mlango, akasogea na foleni. Mara mbili nilimwona akigeuka kukitazama.